Kijana Akitoka Shule ya Ufundi

Wazazi wapenzi, mara nyingi mwauliza: "Mwana wetu akimaliza shule ya ufundi, ataandikwa kazi wapi?" Swali hilo ni la haki, lakini lisiwe la kwanza.

Mapadre Wasalesiani wa Don Bosco walifika mjini kwetu mwaka 1911, mji ukiitwa Elisabethville, wakawafundisha vijana kazi za mikono. Baadaye mababa wengi waliitegemea kampuni ya shaba kama mzazi: mshahara, nyumba, unga, hospitali, shule ya watoto. Lakini kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachana na kazi. Kampuni yaweza kumwacha mtu, ufundi haumwachi. Ajuaye kuunga vyuma au kutengeneza motokaa hana budi kuhangaika, ila anapo pa kuanzia.

Basi, kijana, jiulize kwanza: "Naweza kufanya nini bila bwana wa kuniamuru?" Nanyi wazazi, siku ya cheti msimalize fedha yote kwa karamu. Mnunulieni nyundo, msumeno na koleo. Karamu huisha jioni. Vyombo vya kazi huamka naye asubuhi.