Daftari la Wiki: Wakazi wa Kigeni wa Guangzhou

Guangzhou, makao makuu ya jimbo la Guangdong kusini mwa China, ni jiji ambalo sensa ya mwaka 2020 ililihesabia wakazi zaidi ya milioni 18, na kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh ndilo mara nyingi linalokusudiwa inaposemwa kwamba fulani amekwenda China kufuata mzigo. Wengi huenda kwa siku chache, hasa wakati wa Maonyesho ya Canton, yaani maonyesho makubwa ya biashara ya nje ambayo yalianzishwa mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Daftari la wiki hii linawahusu waliobaki: wanafunzi, mawakala wa mizigo, walimu, wapishi na waliooa au kuolewa huko, ambao hulipa kodi ya nyumba na bili ya umeme kama wakazi wengine wa jiji.

*

Ugumu wa kwanza wa maisha hayo hautokani na lugha wala chakula, bali karatasi. Sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe katika kituo cha polisi cha mtaa wake ndani ya saa 24 tangu afike, na akihama nyumba hana budi kujiandikisha upya. Aliyeingia kwa viza ya kazi au ya masomo ya muda mrefu ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaaji, na anayepitisha muda wake anaweza kutozwa yuan 500 kwa kila siku hadi zifike 10,000, au kuwekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Kibali cha kazi nacho kimefungwa kwa mwajiri mmoja, hivyo anayepoteza ajira huanza papo hapo kuhesabu siku zake za kuondoka. Masharti haya si usumbufu wa ofisini tu, kwa sababu ndiyo yanayopanga maisha yote ya mgeni: mwenye nyumba asiyetaka kufuatana naye kituoni humkatalia chumba hata kabla ya kutaja bei.

*

Anayepata chumba kwa kawaida hutoa amana ya kodi ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, mzigo ambao kwa aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mjini Dar es Salaam hauonekani mkubwa. Kinachomshangaza ni unyevu. Kati ya Februari na Aprili huja majuma ambayo wenyeji huyaita huinantian, pale hewa ya joto iliyojaa mvuke kutoka Bahari ya China Kusini inapokutana na kuta na sakafu zilizopoa wakati wa baridi. Maji hutoka ukutani matone kwa matone, vigae huteleza kama vilivyomwagiwa ndoo, nguo hukaa siku nyingi kwenye kamba bila kukauka, na viatu vya ngozi vilivyoachwa kabatini hufunikwa na ukungu wa kijani. Mtu wa pwani hufungua madirisha akitegemea upepo ukaushe chumba, na kumbe ndio unaomwongezea maji. Wenyeji huyafunga kabisa mpaka hewa kavu ya kaskazini irudi. Vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vyenye kodi nafuu, hulowa kuliko vyote.

*

Wanaoandika juu ya wageni wa Guangzhou husahau mara nyingi kwamba jirani wa mgeni naye ni mgeni. Kodi nafuu hupatikana katika vijiji vilivyomezwa na jiji, ambako wakulima wa zamani walibaki na haki ya viwanja vyao na kujenga maghorofa yaliyobanana kiasi kwamba watu wa majengo mawili wanaweza kupeana mikono kupitia madirishani. Wapangaji wengi humo ni Wachina waliotoka Hunan, Sichuan au Guangxi, ambao baadhi yao hawakielewi Kikantoni cha wenyeji, na ambao hukou yao, yaani daftari la serikali linaloitambua kila familia kwa mahali inapotoka, huwawekea vikwazo katika kuwasomesha watoto shule za umma za jijini. Tofauti ni kwamba mtu wa Hunan anaweza, kwa miaka ya kazi na kukusanya alama, hatimaye kuandikishwa kuwa wa Guangzhou.

*

Tofauti ya saa tano kati ya Afrika Mashariki na China, ambayo nchi nzima hutumia saa moja, ndiyo inayompa wakala kazi yake. Duka la Kariakoo linapofunguliwa saa tatu asubuhi, Guangzhou ni saa nane mchana, na masoko ya jumla yatafungwa jioni hiyo hiyo. Katika saa hizo chache wakala hupiga picha za vitambaa, hupatana bei, hukagua ushonaji wa mfano mmoja na kupima mita za ujazo za mzigo utakaochanganywa na mizigo ya wengine ndani ya kontena moja. Mazungumzo hayo hupitia WeChat, programu iliyoanzishwa mwaka 2011, kwa kuwa WhatsApp imefungwa nchini humo. Kwa programu hiyo hiyo watu hulipia mboga, teksi na hata ombaomba hupewa sadaka, na mtu aliyezoea M-Pesa huizoea upesi.

*

Yaliyotokea Aprili 2020 hayapaswi kusahauliwa. Wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wakalazimishwa kupimwa na kukaa karantini, wakiwamo ambao hawakuwa wamesafiri, na baadhi yao walilala barabarani. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliandika barua ya pamoja kulalamika, na uongozi wa jimbo ukatangaza hatua za kupinga ubaguzi. Walikuwamo wenye vibali halali na kodi iliyolipwa, na hilo ndilo linaloumiza zaidi, kwamba mtu alitimiza kila alichotakiwa kutimiza na bado rangi yake ikatangulia karatasi zake. Haki inadai isemwe pia kwamba wapo Wachina waliojitolea kuwapelekea chakula.

*

Suala lisilozungumzwa vya kutosha ni la familia. China haitambui uraia pacha, na mtoto aliyezaliwa humo na mzazi mmoja Mchina huhesabiwa kuwa Mchina. Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ilhali Kenya iliuruhusu kwa Katiba ya mwaka 2010. Mzazi wa Kitanzania anayetaka kuishi na wanawe bila kuhuisha viza kila mara hubakiwa na njia ya ukaazi wa kudumu, ambayo kwa kanuni za mwaka 2004 humtaka awe katika ndoa kwa miaka 5 na awe ameishi China miaka 5 mfululizo, si chini ya miezi 9 kila mwaka. Sharti la miezi 9 ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa riziki ya familia hutegemea safari za mara kwa mara kati ya Guangzhou na Dar es Salaam.