Warsha za Mazingira na Bani la Tumbaku

Katika warsha za mazingira nilizohudhuria, mwezeshaji huanza na barafu inayoyeyuka kwenye ncha ya dunia, hupita kwenye visiwa vinavyomezwa na bahari, kisha humalizia na mikataba ya kimataifa, kuanzia ule wa Rio wa 1992 hadi ule wa Paris wa 2015. Wanaomsikiliza ni walimu wa hisabati, fizikia, kemia na baiolojia. Jioni hugawiwa vyeti vya ushiriki na posho. Walimu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wakipata warsha ya namna hiyo mjini Tabora, somo lenyewe watakutana nalo wakiwa ndani ya basi la kurudi: malundo ya kuni kando ya mabani ya tumbaku.

Wengi hulaumu uchache wa warsha hizi, wengine hulaumu posho. Mimi silaumu posho. Mwalimu aliyesafiri siku nzima anastahili kula. Ninacholaumu ni kwamba mazingira ya mbali yanafundishwa kwa sababu mazingira ya karibu yana mwenyewe.

Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto, moto huo ni wa kuni, na kuni hizo kwa sehemu kubwa ni msitu wa miombo. Kwa makadirio ya serikali yenyewe, nchi hii hupoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka. Kilimo na mkaa ndivyo vinavyobeba lawama kubwa, lakini katika ukanda wa tumbaku bani nalo lina fungu lake. Sasa tazama upande wa pili. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, na tangu 2017 kikomo chake kwa mazao ya biashara ni asilimia 3. Katika wilaya inayoishi kwa tumbaku, ushuru huo si fedha ya kupuuzwa. Humo hutoka matofali ya madarasa na meza za maabara. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati anayewatuma wanafunzi kupima kuni za bani moja kwa msimu mzima anapima, atake asitake, upande mwingine wa mapato ya ofisi anayoitumikia. Barafu ya Aktiki haitozwi ushuru na mtu yeyote hapa. Ndiyo maana ni mada salama.

Sidai kwamba kuna njama. Adabu ya kiofisi inatosha: kila mtu anajua kisichosemwa, na mwandaaji wa ratiba hahitaji kuambiwa.

Njia hii ya magharibi, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, imezoea wajuzi wanaokuja na majibu ya kwingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Lengo la mwanzo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Mitambo ililetwa kabla udongo haujachunguzwa vya kutosha na kabla mvua haijafuatiliwa kwa miaka ya kutosha. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, nao ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36. Katika mashamba yaliyoachwa Urambo ndipo tumbaku ikashika mizizi. Mtoto wa Urambo anayeketi darasani leo anaishi ndani ya matokeo ya hesabu ambayo haikufanywa, na hakuna anayemwambia hivyo katika somo la hisabati.

Je, warsha ya kweli ingefanya nini? Ingewatoa walimu ukumbini. Wangesimama mbele ya lundo la kuni, tuseme lenye urefu wa mita 4, kimo cha mita 1.5 na upana wa mita 1.2. Ujazo wake ni mita za ujazo 7.2, lakini si zote ni mti, kwa kuwa kati ya gogo na gogo kuna hewa. Magogo ya mviringo yaliyo sawa, yakipangwa moja juu ya jingine, hujaza pai juu ya nne tu ya nafasi, yaani asilimia 78.5 hivi. Kuni halisi, kwa kuwa zimepinda, hujaza pungufu ya hapo. Kisha waingie msituni na futikamba, wapime mzingo wa mti uliosimama, wagawe kwa pai wapate kipenyo, wakadirie ujazo wa shina kama mcheduara. Lundo lile ni miti mingapi? Mwalimu wa baiolojia aulize mti wa unene huo umekua kwa miaka mingapi, na mwalimu wa fizikia aulize joto kiasi gani linapotea kupitia kuta za bani la zamani. Mfugaji nyuki awaonyeshe ni maua ya miti ipi yanayotoa asali inayosifiwa nchi nzima. Mji wa Tabora una chuo cha ufugaji nyuki. Wakufunzi wake hawahitaji kusafirishwa kutoka Dar es Salaam.

Hata historia ya njia ya misafara ni maabara. Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora hii, Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke alikadiria mwinuko wa Ziwa Tanganyika kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akakosea kwa zaidi ya mita 200. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa karibu na nyuzi 96. Mwanafunzi wetu anakariri 100. Sufuria, jiko na kipimajoto vingemfundisha shinikizo la hewa, makosa ya vipimo na historia ya mji wake kwa kipindi kimoja. (Wapagazi wa Kinyamwezi walioibeba mizigo ya wapelelezi hao walijua kila kisima njiani bila kipimajoto, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Nitaambiwa kwamba mwalimu amezidiwa na mtihani ndio unaohesabiwa. Ni kweli amezidiwa. Lakini katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, takriban robo tu ya watahiniwa ndio waliofaulu hisabati. Njia tunayoilinda kwa jina la mtihani inashindwa katika mtihani huohuo. Tena ujazo wa mcheduara haukuletwa na wanamazingira. Umo katika muhtasari wa somo.

Hoja nzito zaidi ni ya mkulima: tumbaku ndiyo inayolipa sare na daftari. Sibishi. Mkulima si mshtakiwa hapa; yeye ndiye anayekata kuni hizo au kulipia zikatwe, na watoto wake ndio wanaozibeba. Bani lililoboreshwa hutumia kuni chache zaidi, na hesabu ya tofauti hiyo ikifanywa na binti yake kwenye daftari itamfaa kuliko kipeperushi. Anayeogopa namba hiyo si mkulima.

Muundo tayari upo. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza shuleni kwao, bila ukumbi wa kukodi. Kodi ya ukumbi kwa siku moja ingenunua futikamba, mizani na vipimamvua kwa shule kadhaa. Kinachokosekana ni ruhusa ya maandishi: mkurugenzi wa halmashauri aandike kwamba walimu wa sayansi na hisabati wanaweza kupima mabani, kuni na msitu wa wilaya yake, na kwamba matokeo yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, palepale yanapobandikwa mapato na matumizi.