Mtoto mkubwa bado anaamka usiku? Afundishwe polepole, asiachwe alie

Saa nane usiku mvua inapiga bati, na ndani ya chandarua mtoto wa miezi tisa ameamka kwa mara ya nne. Mama anampa ziwa, mtoto anavuta kidogo tu, anasinzia. Saa tisa na nusu anaamka tena. Alfajiri mama huyo anatakiwa awe njiani kwenda mwaloni kununua dagaa, au ajiandae kuwahi darasani kufundisha. Hali hii inajulikana katika nyumba nyingi, kuanzia Kashai mjini Bukoba hadi Kamachumu wilayani Muleba.

Ushauri unaomfikia mama wa aina hii huwa wa namna mbili. Wapo wanaomwambia avumilie, mtoto ataacha mwenyewe. Wengine, hasa mitandaoni, wanamwambia amlaze, afunge mlango na amwache alie mpaka achoke. Ushauri wa kwanza unamwacha mama akizidi kuishiwa nguvu. Wa pili hauendani na nyumba ambayo familia nzima inalala chumba kimoja au viwili, na jirani yuko upande wa pili wa ukuta.

Ipo njia ya katikati: kumfundisha mtoto kulala hatua kwa hatua, mzazi akiwa pembeni yake.

Kwa nini anaamka

Usingizi huenda kwa mizunguko. Kwa mtoto wa umri huo mzunguko mmoja huchukua karibu saa moja, na kati ya mmoja na mwingine hushtuka kidogo. Aliyezoea kusinzia akiwa na ziwa mdomoni, au akiwa mgongoni mwa dada, akishtuka hutafuta kile alichokuwa nacho wakati wa kulala. Asipokikuta, analia. Kwa hiyo kazi kubwa haiko saa nane usiku. Iko saa mbili usiku, pale anapolazwa.

Sababu nyingine inaanzia mchana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua pacha. Baada ya hapo anarudi kazini, na mtoto anayelikosa ziwa mchana hulifidia usiku. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama kunyonyesha saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, na anayeweza azitumie. Mama wa sokoni au wa shambani anaweza kunyonyesha vizuri kabla ya kutoka na mara tu anaporudi.

Ya tatu ni kuchelewa kulala. Bukoba giza huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima, lakini nyumba nyingi hula saa tatu au saa nne. Mtoto akisubiri wakubwa wamalize kula, huchoka kupita kiasi, na mtoto aliyechoka hivyo hulala kwa taabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto wa miezi 4 hadi 11 alale jumla ya saa 12 hadi 16 kwa siku, na wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14, pamoja na usingizi wa mchana.

Kwanza njaa na ugonjwa

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahusiki na mafunzo haya. Huyo anahitaji kunyonya usiku. Hata baada ya hapo, maziwa ya mama yanashauriwa kuendelea hadi miaka miwili au zaidi, kwa hiyo lengo si kumwachisha ziwa.

Chakula cha jioni kitazamwe. Ndizi tupu zilizopondwa zinajaza tumbo, lakini hazitoshi. Zipondwe pamoja na maharage, dagaa waliosagwa, karanga zilizosagwa au parachichi. Kuanzia miezi tisa mtoto anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitu cha kati mara moja au mbili.

Mtoto aliyekuwa akilala vizuri na ghafla anaamka akilia huenda anaumwa. Homa, kupumua kwa shida, kutapika, kuharisha, kushikashika sikio au kukataa kunyonya ni sababu za kumpeleka kituo cha afya, si za kuanza mafunzo ya usingizi. Kagera ina malaria, na homa ya mtoto ipimwe mapema.

Muleba ina historia yake katika vita hiyo. Ni katika vijiji vya wilaya hiyo ambako vyandarua vyenye kiambato cha PBO vilijaribiwa, na matokeo yake yakaifanya WHO ivipendekeze mwaka 2017 kwa maeneo ambayo mbu wamezoea dawa za kawaida. Mafunzo yoyote ya usingizi yafanyike ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Mama akitoka usiku, akichomeke tena.

Hatua zenyewe

Kwanza, wenye nyumba wakubaliane. Bibi asipoelezwa, kilio cha kwanza tu kitamfanya aagize mtoto aletwe kwake. Baba naye apangiwe zamu.

Pili, jioni iwe na mpangilio usiobadilika. Mtoto ale mapema bila kusubiri wakubwa, aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, anyonye, aimbiwe, aingie chandaruani. Taa na redio vipunguzwe. Saa iwe ile ile kila siku, tuseme saa moja na nusu au saa mbili.

Tatu, ziwa litenganishwe na usingizi. Anyonye kabla ya wimbo, alazwe macho yakiwa mazito lakini hajalala kabisa. Mama akae pembeni, mkono juu ya kifua cha mtoto, amsemeshe kwa sauti ya chini. Kilio kikizidi, amnyanyue, ambembeleze, kisha amrudishe. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kumrudisha mara nyingi. Akishazoea, mkono uondolewe mapema zaidi kila baada ya siku chache, kisha mama asogee nyuma kidogo.

Nne, usiku mzazi asikimbilie kila mguno. Asubiri dakika moja au mbili, kwani mtoto anaweza kugugumia na kulala tena. Akiendelea, baba aanze kumtuliza, kwa sababu hana harufu ya maziwa. Tochi ya simu isimulikwe usoni.

Tano, kunyonya kwa usiku kupunguzwe taratibu. Aliyezoea kunyonya dakika 10 apunguziwe dakika mbili kila baada ya siku mbili. Mama anaweza kubakiza mara moja ya usiku, na hilo si kushindwa.

Mabadiliko huchukua wiki mbili au zaidi. Mtoto akipata homa, akiota meno au familia ikisafiri, anaweza kurudi nyuma. Apone kwanza, kisha mpangilio uanze upya.

Wazazi wengi huogopa kwamba mafunzo ya usingizi yataharibu upendo wa mtoto kwa mama. Watafiti wa Australia walifuatilia watoto waliofundishwa wakiwa wachanga, baadhi yao kwa njia ya mzazi kukaa karibu na kujisogeza mbali polepole. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa walipofika miaka sita, hisia zao, tabia zao na uhusiano wao na wazazi havikutofautiana na vya wenzao.

Yasiyofaa

Mtoto asipewe dawa ya mafua au ya mzio ili alale. Dawa hizo zinaweza kumpunguzia pumzi. Pombe pia hapana, hata rubisi ya kuonja. Usiku wa baridi na mvua, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, kwa sababu hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Na mzazi aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto.

Mama naye aangaliwe

Mama asiyelala kwa miezi huanza kusahau, kukasirika haraka na kulia bila kujua sababu. Anapohisi hasira inampanda usiku, amweke mtoto mahali salama ndani ya chandarua, amwamshe mwenzake, atoke nje ya chumba kidogo avute pumzi. Hakuna aibu katika hilo.

Ikiwa hapati usingizi hata mtoto anapolala, au huzuni imedumu wiki mbili, aseme siku ya kliniki anapompeleka mtoto kupimwa uzito. Ikiwa anapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asisubiri kliniki: aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, akisindikizwa na mtu. Baba anayesoma ukurasa huu anaweza kuanza na jambo dogo leo: achukue zamu ya kwanza ya usiku.