Aliyeteka meli ya Tom Hanks alirudi kuuza simu

Mwenzenu wiki hii nawaandikia kutoka Nyumba ya Mungu, kule bwawani, harufu ya perege wa kukaanga imejaa puani na vumbi la njiani bado sijalikung'uta vizuri. Msidhani nimekuja kula bata. Nimeitwa, tena kwa simu ya saa kumi na moja alfajiri. Aliyeniita ni mama mdogo, na mama mdogo akikuita alfajiri ujue mambo yameharibika.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Njoo uongee na mdogo wako. Anataka kuuza mtumbwi."

Nikashtuka. Mtumbwi ule ndo urithi pekee alioacha marehemu baba mdogo. Unakodishwa kwa wavuvi, jioni inakuja hela ya mboga, na ada ya dogo wawili wa kike inatoka humo humo. Siku hizi samaki wenyewe si wale wa enzi za wazee wetu, wamepungua, lakini kidogo kinachopatikana kinapita kwenye mtumbwi ule. Ukiuzwa, ile nyumba imezama hata kabla mvua haijanyesha.

Nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye gogo kando ya maji, simu mkononi, anajikagua kwenye kioo chake. Ana miaka 19, kamaliza kidato cha nne, sura anayo, urefu anao, maneno ndo usiseme. Anataka kuwa staa wa sinema. Kuna jamaa mmoja kampata kwenye simu, anajiita meneja, yuko Dar. Kamwahidi nafasi kwenye picha itakayochezwa Afrika Kusini. Kinachotakiwa ni shilingi laki nne tu, za "ada ya usaili" na pasi ya kusafiria. Hiyo "tu" ndo thamani ya mtumbwi.

"Kaka," akaniambia, "we hujui. Yule Msomali wa kwenye Captain Phillips aliokotwa mtaani, hajawahi kuigiza hata siku moja, akaenda moja kwa moja kwenye Oscar na Tom Hanks. Bahati ni kujitoa tu."

Kumbe picha yenyewe kaiona kwenye banda la video, wamebanana kwenye mabenchi, shilingi mia mbili kiingilio. Nikamwambia dogo, habari hiyo ni ya kweli, ila we umehadithiwa nusu. Sogea nikupe nusu ya pili. Na nyie wasomaji sogeeni, manake najua wapo wengi nyumbani kwenu wanaota ndoto hii hii.

Jamaa anaitwa Barkhad Abdi. Kazaliwa Mogadishu mwaka 1985. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipolipuka mwaka 1991 alikuwa mtoto mdogo, anasikia risasi nje ya nyumba yao kama sisi tunavyosikia vyura usiku. Familia ikakimbilia Yemeni, akakulia huko. Mwaka 1999, akiwa na miaka 14, wakahamia Marekani, jijini Minneapolis, jimbo la Minnesota. Kule kuna Wasomali kibao, pengine kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, na kuna baridi ambayo mtu wa Nyumba ya Mungu akiisimuliwa atasema anadanganywa. Barafu inaganda mpaka watu wanaendesha magari juu ya ziwa!

Basi akawa kijana wa kubangaiza kama vijana wengine wa majuu. Alisoma chuo kidogo, akapiga miziki kwenye sherehe, akaendesha yale magari marefu ya kifahari ya kubeba matajiri. Nyie mnaodhani majuu hela zinaokotwa, mnasikia? Matajiri walikuwa wanakaa nyuma, yeye yuko mbele kashika usukani.

Mwaka 2011 likatoka tangazo kwenye televisheni: wanatafutwa Wasomali wa kucheza picha ya Tom Hanks. Usaili unafanyika pale pale mtaani kwao, Cedar-Riverside, kwenye kituo cha jamii. Wakajitokeza watu zaidi ya 700. Hebu fikiria msomaji, watu mia saba, kila mmoja anajiona yeye ndo yeye! Mchujo ukapita, wakabaki wanne: Barkhad Abdi, Faysal Ahmed, Barkhad Abdirahman na Mahat Ali. Wote vijana wa pale pale, na hakuna aliyekuwa mwigizaji wa kazi.

Hapo nikamkata dogo kauli. "Umesikia mahali wamedaiwa ada?" Kimya. "Watu mia saba wale, Wamarekani wangetaka wangevuna hela mlangoni. Mbona hawakutoza hata senti? Manake mwenye kutafuta mwigizaji ndo mwenye shida, na mwenye shida halipwi, analipa." Dogo akaangalia maji.

Sasa picha yenyewe. Ni kisa cha kweli, tena kinatuhusu sisi wa upande huu. Tarehe 8 Aprili 2009 meli ya mizigo, Maersk Alabama, ilikuwa inakuja Mombasa na shehena yake, humo ndani kuna chakula cha msaada. Baharini ikavamiwa na vijana wanne wa Kisomali wenye bunduki. Wakaondoka na nahodha Richard Phillips kwenye boti ya kuokolea watu. Tarehe 12 wadunguaji wa jeshi la majini la Marekani wakawaua watatu kwa risasi. Wa nne, Abduwali Muse, alikuwa ameshapanda manowari kujadiliana, akakamatwa, akapelekwa New York, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 33.

Barkhad ndo kapewa kumcheza huyo Muse. Stelingi ni Tom Hanks, Barkhad ni adui. Lakini mwenzenu nilipoitazama nilijiuliza: hawa wawili si wametoka nchi moja? Mmoja familia ilipata pa kukimbilia, mwingine akabaki kwenye nchi iliyokosa serikali, kazi ikawa bunduki. Leo mmoja yuko kwenye kioo, mwingine alitiwa jela. Tofauti yao wala si kipaji. Barkhad alimcheza adui mpaka ukamwonea huruma huku unamwogopa, na nadhani ni kwa sababu alikuwa anamjua mtu huyo bila kuambiwa na mtu.

Na msidhani ilikuwa lelemama. Kabla ya kupiga picha walipelekwa mazoezini kwa majuma. Haramia wetu hata kuogelea alikuwa hajui! Dogo alicheka sana hapo, manake hapa kwetu mtoto wa miaka sita anapiga mbizi kama kambale. Wakafundishwa kuogelea, kuendesha boti ndogo zinazoruka juu ya mawimbi, kushika silaha, kupanda ubavuni mwa meli kwa ngazi. Mwongozaji, Mwingereza Paul Greengrass, akawa mjanja: akawatenganisha kabisa na Tom Hanks. Mara ya kwanza wanaonana ana kwa ana ni pale wanapovunja mlango wa chumba cha kuongozea meli, kamera zinazunguka. Woga mnaouona pale una ukweli ndani yake. Na yale maneno ya Barkhad ya kumwambia Hanks kwamba nahodha sasa ni yeye, yaliyovuma dunia nzima mpaka watoto wanayaiga, hayakuwa kwenye maandishi. Kayatoa mwenyewe kichwani.

Sasa ndo tunafika kwenye nusu ambayo banda la video halikumwonyesha mdogo wangu.

Picha ilipokwisha kupigwa mwaka 2012, Barkhad alirudi Minneapolis. Unajua alirudi kufanya nini? Kuuza simu kwenye duka la kaka yake! Kashika shati la Tom Hanks, kapanda meli, kaona dunia, halafu huyo, nyuma ya kaunta, anamwelekeza mteja jinsi ya kuweka laini. Picha ikatoka Oktoba 2013, ikavuna zaidi ya dola milioni 200 duniani. Yeye, kwa mujibu wa jarida la The New Yorker la mwaka 2014, alikuwa amelipwa dola 65,000, tena hizo ni za kazi ya miaka miwili nyuma. Kwetu ni mtaji wa maana. Kwa Marekani, ukishalipa kodi na pango, hazikai.

Halafu zikaja sifa. Februari 2014 akanyakua tuzo ya BAFTA kule London, mwigizaji bora msaidizi. Tarehe 2 Machi 2014 akaingia kwenye ukumbi wa Oscar mwenyewe, anawania. Akakosa, ikachukuliwa na Jared Leto. Lakini jarida lile lile likaandika kwamba suti nzuri alizokuwa akivaa kwenye shughuli hizo zilikuwa za kuazima, zinarudishwa, na rafiki yake mmoja, Msomali dereva wa teksi, ndo alikuwa akimzungusha mjini bure. Sifa tele, mfukoni upepo. Ndo dunia ya picha hiyo, dogo. Kapeti jekundu, lakini viatu vya watu.

Usiku huo huo wa Oscar kulikuwa na mtoto mwingine wa Afrika Mashariki, Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico mwaka 1983, na yeye akaondoka na tuzo kwa picha ya 12 Years a Slave. Wengi tulisema naye ameibuka tu. Kaibuka wapi? Alikuwa ametoka kumaliza chuo cha uigizaji cha Yale mwaka 2012, kasota darasani. Mmoja alipita mlango wa shule, mwingine mlango wa bahati, wakakutana ukumbi mmoja. Ila mwenye shule alikuwa na kitu cha kushika bahati ikimkimbia.

Barkhad ilibidi asomee kazini. Sifa zake nampa hapo. Hakukaa kusubiri apigiwe simu ya ufalme. Alichukua vinafasi vidogo vidogo. Mwaka 2015 akatoka kwenye Eye in the Sky, anacheza mpelelezi wa Nairobi anayepita katikati ya hatari ili aokoe binti mdogo muuza mikate. Kwa maoni yangu hiyo ndo kazi yake tamu kuliko zote, na humo si haramia. Mwaka 2017 akaonekana kwenye Good Time kama mlinzi, na kwenye Blade Runner 2049. Mwaka 2023 yumo kwenye tamthilia ya The Curse. Si stelingi, lakini yupo, kazi inaendelea. Kwa Msomali aliyeanza kwa kucheza adui, na wenye sinema wakishakujua kwa bunduki hawataki kukuona na kalamu, si haba hata kidogo.

Nilipomaliza dogo akanuna. "Kwa hiyo kaka unataka nife nikivua perege?"

Wasomaji, swali hilo lilinichoma. Manake na mimi niliwahi kuambiwa kuandika magazetini si kazi. Nikamwambia hapana. Sinema ni kazi kama kazi. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, siku hizi kinaitwa TaSUBa, cha serikali, watu wanafundishwa kuigiza na wanatoka na cheti. Hapa kijijini anzisha kikundi, mcheze hata kwenye harusi. Lakini mtumbwi usiuze. Barkhad alipokosa hela alikuwa na duka la kaka yake la kurudia. We ukirudi bila mtumbwi utarudia wapi? Na dada zako watarudia wapi?

Kisha nikampa mtihani mmoja. "Mpigie meneja wako sasa hivi. Mwambie nauli ya kuja Dar utajitafutia, usaili ufanye kwanza, ukipita akukate hiyo laki nne kwenye malipo yako." Akapiga, sauti ya juu, na mimi nasikia. Meneja akaanza kukohoa. Akasema nafasi zinajaa leo leo. Akasema basi tuma hata laki mbili. Akasema basi tuma hata hamsini. Dogo alipong'ang'ania usaili kwanza, simu ikakatika. Akapiga tena. Haipatikani. Mpaka naandika hapa, haipatikani.

Sikushangilia, kwa sababu niliuona uso wa mdogo wangu. Ndoto ya mtu hata ikiwa ya kudanganywa, ikivunjika inauma vile vile. Alikaa kimya mpaka mitumbwi ya jioni ikaanza kutoka na taa zake. Mama mdogo akatuletea chai, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, hakuuliza kitu.

Baadaye sana, mimi nikidhani amelala, akaniuliza gizani: "Kaka, nauli ya Bagamoyo kutoka hapa ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia kesho tutaulizia stendi. Mtumbwi bado upo, nimeuona asubuhi hii umefungwa pale pale.

Na we msomaji, ukipigiwa na meneja wa aina hiyo, mpe mtihani wangu. Tukutane wiki ijayo, hapa hapa kwenye kona yetu.