Vifusi vya reli visigeuzwe zawadi ya sumu kwa wananchi

Mjadala kuhusu reli ya kisasa, SGR, umetawaliwa na mambo matatu: deni, fidia ya ardhi na nafasi za kazi. Jambo la nne halitajwi sana, nalo ni udongo unaofukuliwa ili njia ya treni ipite. Kipande cha Nairobi hadi Naivasha, chenye urefu wa takriban kilomita 120, kilipofunguliwa Oktoba 2019, treni zilipita ndani ya mahandaki, refu zaidi likiwa la Ngong lenye takriban kilomita 4.5. Handaki lenye upana wa mita 10 hutoa zaidi ya mita 78 za ujazo wa vifusi kwa kila mita moja inayochimbwa. Vikishalegea, vifusi hivyo huweza kujaza malori kumi au zaidi. Ni lazima vimwagwe mahali fulani.

Mpango wa kuifikisha reli hiyo Kisumu na Malaba unaigusa nchi ya magharibi moja kwa moja. Hata pale ambapo hapatachimbwa handaki, vilima hukatwa na mabonde hujazwa. Kitale haimo katika njia hiyo, lakini ina tawi lake la reli ya zamani, lililofika mjini humo mwaka wa 1926. Kila mara reli kama hiyo inapofufuliwa, au kiwanja chake kinapojengwa upya, udongo wa miongo mingi hugeuzwa. Kwa hivyo wakazi wa Bungoma na Kitale wasiulize tu treni itafika lini. Waulize pia ni nani atakayepima vifusi kabla ya kumwagwa, na ni nani atakayelipa vikipatikana na sumu.

Udongo wa handaki huchafuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kazi yenyewe. Baruti huacha mabaki ya naitreti na amonia. Saruji inayopulizwa kwenye kuta huyafanya maji kuwa makali mithili ya magadi. Mitambo ya kutoboa hutumia povu la kemikali na kuvuja mafuta. Aidha, baadhi ya miamba huwa na madini ya salfa ambayo hutoa asidi yanapokutana na hewa na mvua. Njia ya pili ni historia ya mahali. Tingatinga halichagui, hufukua kila kilichozikwa na waliotangulia.

Nchi ya magharibi ina historia hiyo. Reli ya zamani ilipitia Webuye na Bungoma tangu miaka ya 1920, na kote duniani mataruma ya mbao yamekuwa yakilowekwa kreosoti, mafuta mazito yenye kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Webuye ilikuwa makao ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichofungwa 2009 na kuuzwa 2016, ambacho kwa miaka mingi wakazi walilalamikia moshi wake uliokula mabati ya nyumba zao. Kitale nayo ni kitovu cha mahindi na mbegu. Katika maeneo ya kilimo kama hayo, maghala ya kale ya dawa za wadudu hayana budi kuchunguzwa, kwa kuwa dawa kama aldrin na dieldrin, zilizopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm ambao Kenya iliuridhia 2004, hudumu ardhini kwa miaka mingi. Haya si madai kwamba sehemu hizo zina sumu leo. Ni sababu ya kuzipima mwanzo.

Gharama ya kutopima tunaijua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi katika udongo, maji na damu ya watoto. Kilifungwa 2014. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni na mazingira yao yasafishwe. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hiyo ni miaka kumi tangu kiwanda kufungwa, na mmoja wa walioshtakiwa ni NEMA, mamlaka iliyopewa jukumu la kuzuia madhara kama hayo.

Mataifa tajiri nayo hayajaepuka mtego huu. Mjini Perth, Australia, waliochimba handaki la treni ya uwanja wa ndege, iliyoanza kazi Oktoba 2022, walikuta udongo wenye kemikali za PFAS zilizotokana na povu la kuzimia moto. Vifusi vikalazimika kutengwa na kusimamiwa kama taka maalumu.

Hatari yetu ni ya aina nyingine. Huku kwetu udongo wa bure ni bahati. Mwanakandarasi anayetafuta pa kumwaga hukutana na mwenye ploti anayetaka kujaza shimo, shule inayotaka kusawazisha uwanja, na fundi wa matofali asiye na machimbo. Kila mmoja hushukuru. Lori likishaondoka, hakuna hati inayoonyesha udongo ule ulitoka kilomita ipi, na kuukusanya tena hakuwezekani.

Tiba yake haihitaji miujiza. Udongo utobolewe na kupimwa kabla ya uchimbaji, hasa kwenye stesheni za zamani na kando ya viwanda. Vifusi vya mashaka viwekwe juu ya sakafu isiyopenyeza maji, vifunikwe, na mitaro yake isielekezwe kwenye Mto Nzoia wala vijito vyake. Kila lori liwe na hati ya kutoka na ya kufika. Udongo uliochafuka usafishwe, ugandishwe kwa saruji au uzikwe katika jaa lililojengwa kwa kazi hiyo. Fedha za yote haya zitajwe ndani ya kandarasi, si baadaye.

Watakaosema kwamba masharti hayo yatachelewesha reli wana hoja, kwani kila mwezi wa kusubiri una riba yake. Lakini gharama ya udongo haifutiki kwa kutoandikwa. Huhamishwa kutoka kwa mjenzi hadi kwa mama anayechota maji kisimani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa mama huyo haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira ya 1999 inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Vikao vya umma kuhusu ripoti za athari za mazingira ndipo mahali pa kudai matokeo ya vipimo, kilomita kwa kilomita. Magavana na wabunge wa magharibi wawe wa kwanza kuyadai, kabla tingatinga halijawashwa.