Antena Iliyofichwa Ndani ya Ndege

Watu wanaojiundia ndege ndogo nyumbani, hasa nchini Marekani, hupenda kuficha antena za redio ndani ya ndege. Wako waionao desturi hii kuwa ni pambo tu. Dharau hiyo haina msingi. Lakini si haki pia kuisifu desturi hii pasipo sharti.

Antena iliyochomoza nje hukinzana na hewa, na ndege yenye injini ndogo huulipia ukinzani huo kwa mafuta na mwendo. Burt Rutan alipounda VariEze, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975, na baadaye Long-EZ, ya mwaka 1979, alitumia povu gumu la plastiki lililofunikwa kwa nyuzi za kioo na gundi. Kioo hakipitishi umeme; kwa hiyo mawimbi ya redio hupenya humo kama mwanga upenyavyo dirishani. Yatosha basi kulaza kanda nyembamba za shaba chini ya ngozi ya ndege.

Vipimo vyake havihitaji elimu ya juu. Redio za mazungumzo ya ndege hutumia megahezi 118 hadi 137. Mwanafunzi akigawanya kasi ya mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa mitetemo 127,000,000, atapata urefu wa wimbi wa mita 2.36 hivi. Robo yake, yaani sentimita 59, ndiyo kadiri ya kila mkono wa antena yenye mikono miwili. Nao hufupishwa kidogo kwa sababu umezungukwa na kioo na gundi.

Sharti lenyewe ni hili: kupima kwanza, kuziba baadaye. Si kila ndege isiyo ya bati hupitisha mawimbi. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na ngozi yake huyazuia mawimbi kama alumini. Hata katika ndege ya nyuzi za kioo, nyaya na fimbo za chuma zilizo karibu na antena huyapotosha. Rubani aweza kusikika vema akielekea uwanjani, na asisikike akigeuka. Kosa lililozikwa chini ya gundi halitengenezwi kwa bisibisi. Ngozi ya ndege haina budi kupasuliwa.

Wala isidhaniwe kwamba kifaa kionyeshacho kuwa nguvu hairudi redioni kimemaliza kazi. Nguvu isiyorudi yaweza kuwa imegeuka joto tu. Ndege na igeuzwe pande zote ardhini, huku msikilizaji aliye mbali akieleza asikiavyo kila upande.

Walimu wa fizikia wana somo zuri hapa. Hesabu ya wimbi humwonyesha mwanafunzi pa kuanzia, ila kipimo ndicho kiamuacho. Rubani aitaye msaada kwa megahezi 121.5 haokolewi na hesabu iliyo sahihi karatasini. Huokolewa na sauti inayofika.