Tusifute «circa»

Kuko ugonjwa mumoja katika vitabu vyetu vya mila: kufuta «circa». Muzee anasema: «Babu yetu alifika huku karibu na 1870.» Mwandishi anaandika: «Alifika 1870.» Basi! Kumbe lile «karibu na» ndilo lilikuwa kweli yenyewe.

«Circa», kwa kifupi «ca.», ni Kilatini: maana yake kuzunguka, kandokando. Ni kama mvuvi wa ndagala: anazungusha wavu, anajua samaki wamo ndani, lakini hawezi kuonyesha kwa kidole kila mmoja yuko wapi. Hata «vers» ya Kifaransa, ile iko kwenye karte za wazee wetu («né vers 1938»), inafanya kazi ileile.

Wengine wanasema: «Circa ni haya, tutaonekana hatujui historia yetu.» Hapana! Haya ni uongo. Hapa Moba tuko na tarehe zisizohitaji circa: Mbelgiji Storms alijenga Mpala 1883, sultani Lusinga aliuawa Desemba 1884, Mapadri Weupe walipokea Mpala 1885, vita ya Moba ilikuwa Novemba 1984, ikarudi Juni 1985. Hizo ziliandikwa na watu wa wakati ule. Lakini siku mababu walipofika, nani alishika kalamu?

Tena si mchezo. Kwetu, ukoo unaosema ulitangulia kufika ndio unadai udongo na usultani. Leo unaandika 1870 bila ca., kesho jirani anaandika 1868, kesho kutwa muko mbele ya tribinali, kila mutu na kitabu chake mkononi. Miaka 2 ya kubahatisha inagombanisha wandugu.

Lakini circa isiwe kitanda cha wavivu. Mama akisema, «Nilizaa mtoto wangu wa kwanza wakati ziwa lilipanda likakula mashamba», usiandike tu «zamani». Tanganyika ilianza kupanda 1961, ikafika juu kabisa 1964. Basi andika «ca. 1961–1964», na maneno yake mama uyaweke pembeni, ili mwenye kusoma ajue hesabu imetoka wapi.

Kwa hiyo, wenye kuandika, muache ca. mahali pake. Herufi 2 na nukta hazipunguzi heshima ya babu. Zinalinda neno lake.